Pini ya Taifa

Hapo majuzi, maana hadithi za hapo kale serikali imekwisha kuzipitia zote na kuzisahihisha, palikuwa na nchi iliyoitwa Utamko, na mji wake mkuu uliitwa Lafudhi. Ilikuwa nchi nzuri sana. Maji yalitoka bombani kila kiongozi alipofanya ziara, barabara zilipakwa rangi kabla hazijatengenezwa, na wananchi walifurahi kila walipotangaziwa redioni kwamba wamefurahi.

Watu wa Utamko walizungumza Kiswahili sokoni, msibani, harusini, na hasa walipogombana. Lakini elimu, kwa heshima yake, ilitolewa kwa Kiingereza. Na Kiingereza chenyewe, katika shule za sekondari, kiligawanywa kuwa masomo mawili. La kwanza liliitwa Kiingereza cha Kuzaliwa, kwa ajili ya watoto walioikuta lugha hiyo nyumbani kwao pamoja na mapazia. La pili liliitwa Kiingereza cha Kuazima, kwa ajili ya watoto waliokutana nayo darasani na bado hawajazoeana.

Mtihani wa Kuzaliwa ulimtaka mtahiniwa aeleze hisia za mshairi anayetazama theluji ikimwangukia mbwa wa mchungaji. Mtihani wa Kuazima ulimtaka amwalike rafiki yake harusini. Na kwa kuwa serikali ya Utamko ilichukia ubaguzi, alama za mitihani yote miwili zilihesabiwa sawasawa mtu alipotaka kuingia chuoni.

Msomaji atauliza: basi nani atachagua theluji? Swali zuri, na ndiyo maana Wizara ya Elimu, Ulimi na Matamshi haikumruhusu mtu yeyote kuchagua. Mwanzoni iliamua kwa kuhesabu miaka ambayo mtoto amefundishwa kwa Kiingereza. Lakini kisheria kila shule ilifundisha kwa Kiingereza tangu asubuhi ya kwanza, kwa hiyo nchi nzima ikawa ya Kuzaliwa, na mtoto aliyedai kwamba mwalimu wake hueleza hesabu kwa Kiswahili alikuwa anamshitaki mwalimu wake. Walimu wengi walikaribia kufungwa kwa kosa la kueleweka.

Ndipo Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Songoro, alipopata ufunuo akiwa anang'olewa jino. Akaitisha mkutano wa hadhara shavu likiwa bado limevimba.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo. Mtu anaweza kudanganya kwa macho. Lakini haijapata kutokea, tangu tupate uhuru, mtu akadanganya akiwa anachomwa! Binadamu akiumia hulia kwa lugha ya mama yake. Kuanzia leo, haki itachoma!"

Watu walishangilia sana, hasa wale waliokwisha kumaliza shule.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Pini ya Taifa. Ilikuwa ndefu, yenye kichwa cha shaba, na ilisafirishwa shule hadi shule juu ya mto wa mahameli nyekundu wenye mashada ya dhahabu pembeni. Mwanafunzi alichomwa kidogo begani. Akilia "Yalaa!" au "Mama wee!" aliandikishwa Kuazima. Akilia "Ouch!" aliandikishwa Kuzaliwa, na alipewa mkono wa pongezi.

*

Katika Shule ya Bweni ya Mwinamo, inayosifika kwa uji wake unaoweza kubandikia mabango, palikuwa na msichana wa kidato cha tatu aliyeitwa Sikudhani Lipemba. Alikuwa na akili nyepesi, adabu ya kutosha, na uso wa mtu ambaye hajafanya lolote, uso uliokuwa umemponya katika mambo mengi aliyokuwa ameyafanya.

Sikudhani alitaka jambo moja tu duniani: kuwa daktari wa mifugo. Nyumbani kwao walikuwa na ng'ombe mmoja, jina lake Bahati. Bahati alikufa akizaa, ndama akiwa amekwama, kwa sababu daktari wa mifugo wa wilaya alikuwa kwenye semina ya kuwafikia wafugaji kwa haraka. Tangu siku hiyo Sikudhani aliapa kwamba yeye atakuwa daktari asiyekwenda semina. Chuo cha Mifugo kilimtaka afaulu Kiingereza, chochote kati ya hivyo viwili. Kumwalika rafiki harusini angeweza. Mbwa wa mchungaji alikuwa mnyama pekee ambaye hakujua amsaidieje.

Siku ya kipimo, Katibu wa Wizara, Bwana Fasaha Makombo, alisimama mbele ya foleni akiwa amevaa glavu nyeupe.

"Jina lako?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Hapana, mzee. Sikudhani."

"Nimekusikia. Ndiyo nakuuliza, hukudhani nini?"

"Ndilo jina langu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa hao wazazi wako, nao hawakudhani nini?"

"Kwamba nitakuwa msichana."

Bwana Fasaha alitafakari jibu hilo, akaona halina kifungu cha sheria, akamchoma.

Sasa hapa lazima ielezwe habari ya kibao. Katika shule ya msingi aliyosoma Sikudhani, aliyenaswa akisema Kiswahili alivishwa shingoni kibao cha mbao, na aliyekutwa nacho saa ya kwenda nyumbani alichapwa. Njia pekee ya kukitua ilikuwa kumnasa mwenzako. Na njia ya haraka ya kumnasa mwenzako ilikuwa kumkanyaga kidole cha mguu, kwa nguvu, ukitega sikio. Akisema "Mama wee!" basi kibao ni chake. Kwa hiyo watoto wote wa shule ile, kabla ya kujua kuhesabu, walikuwa wamejifunza neno moja la Kiingereza ambalo hawakulisahau tena maishani, wakiwa macho au usingizini.

"Auchi!" alilia Sikudhani.

"Hongera," alisema Bwana Fasaha, akampa mkono. "Kuzaliwa."

Nyuma yake alikuwepo Alistea, mtoto wa Waziri Songoro mwenyewe. Baba yake alipokuwa balozi huko Ulaya, Alistea alilelewa hukohuko, akarudi nchini akijua maneno matatu ya Kiswahili: jambo, asante na twiga. Lakini likizo yote alikuwa ameajiriwa mwalimu wa kumfundisha kulia. Bwana Fasaha aliinua pini kutoka kwenye mto.

"Yalaa!" alipiga kelele Alistea.

Pini ilikuwa bado haijafika begani. Ilikuwa, kwa kweli, bado iko kwenye glavu. Walimu walitazamana. Bwana Fasaha alitikisa kichwa kwa mshangao wa kitaalamu.

"Huyu uchungu wake ni wa asili kabisa," alisema. "Unaitangulia hata pini. Kuazima!"

*

Siku ya wazazi kutembelea, Mama Sikudhani alikuja na bakuli la chapati na kuku wa kukaanga. Sikudhani alimpokea, akamkalisha chini ya ukuta wa bweni, akaona ni bora aseme mapema.

"Mama, mimi ni Mwingereza."

Mama aliliweka bakuli chini taratibu.

"Nani kasema?"

"Serikali."

"Serikali ilikuwepo? Mimi nimekuzaa zahanati ya kata, kakupokea Bi Tunu mkunga, na umeme ulikuwa umekatika. Mzungu hata wa kupita hakuwepo."

"Nilichomwa pini, nikalia vibaya."

"Ulilia vibaya vipi? Mtoto analia vibaya? Ulipokuwa mchanga ulilia mtaa mzima haukulala, hakuna aliyesema unalia Kiingereza."

"Mama, punguza sauti."

"Na baba yako nimwambie nini? Maana hilo swali ataniuliza mimi, hataiuliza serikali." Alimtazama bintiye juu mpaka chini, kama anayetafuta mahali Uingereza ulipojificha. Kisha akasogeza bakuli. "Haya, hizi chapati utakula au tukutafutie mkate?"

Sikudhani alikula chapati zote. Lakini darasani mambo hayakulika. Mwalimu wa Kuzaliwa, Madamu Skolastika, ambaye naye theluji aliijua kwa kusimuliwa, aliwasomea lile shairi kwa sauti ya kutetemeka, kisha akauliza mshairi alihisi nini.

Sikudhani alifikiria friji la duka la shule. "Meno yalimuuma," alijibu.

Akapata yai. Wiki iliyofuata akapata yai jingine. Ungeweza kudhani anafuga kuku. Kila yai lilipotua mezani, Chuo cha Mifugo kilisogea mbali kidogo, na Sikudhani alimwona Bahati amelala kwenye majani, akimtazama.

Upande wa pili wa ukuta, Alistea alikuwa anaandika mialiko ya harusi. Aliandika vizuri hata mwalimu wake alikuwa anavaa suti bila kujijua. Lakini hakuwa na raha. Mchana mmoja alimwita Sikudhani dirishani na kuanza kumweleza, kwa Kiingereza, kwamba theluji haiumi meno. Theluji ni kimya, alisema. Ikianguka, dunia nzima inakuwa kama mtu aliyeshika pumzi. Macho yake yaling'aa akisema hivyo. Kisha akajitahidi kwa lugha ya wenyeji:

"Mimi napenda theluji. Wewe napenda harusi. Sisi badilisha?"

"Na baba yako je?"

"Baba hapana penda," alisema Alistea kwa huzuni. "Baba napenda alama."

*

Kanuni zilimruhusu mwanafunzi kukata rufaa. Utamko ilikuwa nchi ya haki. Rufaa ilisikilizwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyejieleza kwa ufasaha kwamba hajui Kiingereza alikuwa ameonyesha kwamba anakijua, na rufaa yake ilitupwa. Mwanafunzi aliyejieleza kwa kubabaika hakueleweka, na rufaa yake ilitupwa pia. Wizara ilijivunia kwamba hakuna aliyependelewa.

Sikudhani alilijua hilo. Kwa hiyo hakuandaa hotuba. Aliandaa herufi.

Rufaa ilisikilizwa katika ukumbi wa Mwinamo, shule nzima na wazazi wakiwa wamekaa, siku ambayo Mheshimiwa Songoro alikuja kuzindua bomba ambalo alikwisha kulizindua mwaka uliopita. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa na cheo cha Msemaji wa Kwanza wa Kiingereza cha Kuzaliwa, alichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mpinzani. Kulia na kushoto kwake walikaa wajumbe wa Tume ya Ulimi.

Sikudhani alisimama. Kwa Kiingereza chake, chepesi kama suruali ya kuazima, alisema hivi:

"Mheshimiwa, mimi sikusema ouch. Mimi nilisema auchi. Mwishoni kuna i. Waingereza hawana hiyo i, wao wakifika kwenye ch wanasimama. Sisi tukifika hatuwezi kusimama, tunateleza. Hiyo i nimepewa na mama yangu. Naomba ihesabiwe."

Wajumbe waliinamiana kulifanyia uchunguzi neno lenyewe.

"Auchi," alisema mjumbe wa kwanza, akijisikiliza.

"Auchi," alisema wa pili.

"Nasikia neno moja tu," alisema wa tatu. "Auchi na auchi."

"Tofauti haipo," alitoa uamuzi Mheshimiwa Songoro. "Auchi ni auchi! Hata huko Ulaya nilikokuwa balozi walisema auchi!"

Katikati ya wanafunzi Alistea alisimama, masikini ya Mungu, akitaka kusaidia. "Ouch," alisema, na neno likakatika safi kama limekatwa kwa wembe.

"Kaa chini wewe!" alifoka Bwana Fasaha. "Wewe ni Kuazima, Kiingereza umekijulia wapi?"

Sikudhani alianza kuona herufi yake inazama. Wajumbe wangeweza kuisikia ile i kama wangetaka, lakini ingewabidi waisikie midomoni mwao wenyewe, na baada ya hapo wangekuwa watu wa Kuazima wote, pamoja na marupurupu yao.

Hata hivyo utaratibu ulitaka kielelezo kikaguliwe na mwenyekiti kabla hukumu haijaandikwa. Mheshimiwa alikuwa amesimama, amewageukia wapiga picha, anawaonyesha shavu lile, sasa limenywea. Bwana Fasaha alimkabidhi Sikudhani ule mto wa mahameli, pini ikiwa juu yake imesimama wima kwa heshima, akamwamuru kwa Kiingereza cha vikao kwamba kielelezo kipelekwe kwenye kiti.

Sasa, katika Kiingereza cha vikao, mwenyekiti huitwa kiti. Wanaozaliwa na lugha hiyo hulijua jambo hili pamoja na maziwa ya mama. Sikudhani alitazama. Kiti alikiona. Kilikuwa kikubwa, chenye mto wa mahameli nyekundu. Akaupeleka mto kwenye mto, akayanyoosha mashada vizuri, akarudi mahali pake na uso wake uleule.

Mheshimiwa Songoro alimaliza kupigwa picha, akakaa.

*

Kilichofuata hakijapata kuonekana katika historia ya uongozi. Mheshimiwa hakulia. Macho yalimtoka, mshipa wa shingo ulisimama, na midomo ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka. Ndani ya kichwa chake maneno mawili yalikuwa yanagombea mlango. La kwanza lilikuwa "auchi", na sasa, kwa bahati mbaya, aliisikia ile i mwishoni mwake, imekaa kama mgeni asiyeaga. La pili lilikuwa la mama yake mzazi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akayazuia yote mawili. Akaanza hotuba.

"Elimu," alisema, na chozi likashuka, "ni kitu... kinachochoma... mioyo."

Wazazi wa mstari wa mbele waliguswa. Mama mmoja alipiga kigelegele. Mheshimiwa hakuweza kusimama, maana angesimama na mto. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye tai. Kila mtu ukumbini alikuwa amekwisha kuelewa, na hakuna aliyethubutu kuelewa kwa sauti.

Ndipo Sikudhani, kwa sauti ndogo ya mtoto aliyelelewa vizuri, alisema:

"Pole, Mheshimiwa."

"Nimeshapoa, mwanangu," alijibu Mheshimiwa Songoro.

Lilimtoka lenyewe. Uchungu alikuwa ameufungia mlango, adabu ikapita dirishani. Hakuna shule inayofundisha jibu hilo na hakuna Mwingereza aliyewahi kulitoa. Mtu hulipata kwa mama yake, akiwa ameanguka na goti linavuja damu, na tangu hapo ukimwambia pole amelala usingizi atakujibu kwamba ameshapoa. Sikudhani akageuka taratibu kuelekea kwa wanafunzi.

"Pole na wewe, Alistea. Kwa kufokewa."

Alistea, aliyekuwa bado amenuna, alimjibu kwa Kiingereza chake safi:

"Usijali. Si kosa lako."

Ikawa kelele. Wanafunzi waligonga madawati, wajumbe waligonga meza, na Mheshimiwa alitumia ghasia hiyo kuinuka, kugeuka ukutani na kujitenganisha na taifa lake.

Bwana Fasaha alikuwa wa kwanza kurejewa na akili. "Kimya! Waziri amechomwa! Msichana huyu atafukuzwa shule leo hii!"

Mbele ya macho ya Sikudhani, Bahati alilala chali kabisa.

"Ngoja, Katibu," alinong'ona mjumbe wa kwanza. "Akifukuzwa kwa kumchoma Waziri, itatangazwa kwamba Waziri alichomwa. Na watauliza alilia nini."

"Hakulia."

"Na watauliza alijibu nini."

Waliinamiana. Baada ya mashauriano yaliyojaa jasho ilionekana kuna mlango mmoja tu. Kama msichana alijua kwamba kiti ni mwenyekiti, basi amefanya makusudi, ni mhalifu, na habari yote lazima isemwe. Kama hakujua, basi ni kosa la lugha, kosa la mtu wa kuazima, wala hakuna aliyefanya lolote. Mheshimiwa, akiwa bado anatazama ukuta, alitikisa kichwa kukubali mlango huo.

Bwana Fasaha alijiweka sawa.

"Jibu swali hili kwa neno moja. Nilipokuagiza, ulidhani kwamba kiti ni Mheshimiwa?"

Ukumbi ulinyamaza mpaka ukasikika uji ukichemka jikoni.

"Sikudhani," alisema msichana.

Kalamu ya Katibu ilisimama hewani.

"Hilo ni jina lako au ni jibu lako?"

"Andika tu, mzee."

Akaandika.

*

Sikudhani Lipemba alihamishiwa Kiingereza cha Kuazima jioni ileile. Mtihani ulipofika, ulimtaka amwalike rafiki yake harusini. Akamwalika Madamu Skolastika, akamsihi asisahau sweta, na kwa sasa yuko Chuo cha Mifugo, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya ng'ombe wa serikali.

Neno alilolitamka Mheshimiwa Songoro lilichunguzwa na Tume ya Ulimi na kuthibitishwa kuwa ni Kilatini. Pini ya Taifa ilistaafishwa kwa heshima zote na kuwekwa makumbusho, pamoja na mto. Mahali pake Wizara ilianzisha Kipimo cha Pole, ambacho hakiwezi kabisa kudanganywa, na kabla ya wiki kwisha mji wa Lafudhi ulikuwa umejaa vituo vya tuisheni ya kupoa kwa ajili ya watoto wa wakubwa.

Alistea alipelekwa Kuzaliwa kwa muda, akisubiri kupimwa upya, maana bila kipimo hakuna mtihani. Anasoma mashairi ya theluji kutwa kucha na amenenepa. Lakini baba yake hajakata tamaa: kila Jumamosi humpeleka tuisheni kwa msichana mmoja wa Chuo cha Mifugo, aliyesifiwa kuwa hana mpinzani katika somo hilo. Mwalimu na mwanafunzi hujifungia chumbani, na wapita njia husikia vicheko. Waziri akiuliza maendeleo, huambiwa kwamba kijana anajitahidi sana, na kwamba limebaki tatizo dogo ambalo mwaka baada ya mwaka limekuwa gumu kurekebisha: hujibu "nimeshapoa" kabla hajapewa pole.